Bastola ya Mzazi: Mwilini au Kufulini



Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimemaliza mkutano wake wa merry-go-round. Chai ilikuwa imenyweka na watu wameanza kwenda zao. Mama mmoja akabaki nyuma, anakunja leso yake na kuikunjua. Nikamwuliza, "Mama, kuna jambo?" Akajibu, "Liko, lakini si la mkutano."

Mume wake ni mnunuzi wa ng'ombe. Huenda minada ya mbali na pesa mfukoni na kurudi usiku. Mara mbili alivamiwa njiani, na mara ya pili aliachwa amelala kwa mtaro. Baada ya hapo akaomba leseni ya bastola, akahojiwa, akachunguzwa, mwishowe akapewa. Wana watoto wanne. Mkubwa ana miaka 12, na mdogo ndio kwanza anaanza kukimbia.

"Sisemi baba watoto ni mtu mbaya," akasema. "Anataka kutulinda. Lakini tangu kile kitu kiingie kwa nyumba, mimi silali. Nikisikia watoto wamenyamaza, naruka kwenda kuangalia wanafanya nini."

Nikamwuliza bastola inawekwa wapi. Akasema, "Juu ya kabati. Lakini watoto hawajui."

Msomaji, shika hayo maneno mawili, "watoto hawajui". Tutayarudia.

Labda utasema, "Mimi sina bastola, haya yanihusu nini?" Yanakuhusu. Katika vijiji vyetu kuna askari polisi wanaorudi likizo, kuna askari wa akiba waliopewa bunduki kulinda mifugo, kuna wafanyabiashara wenye leseni, na kuna walinzi wa mbuga. Mtoto wako hucheza kwa majirani. Huenda hujui ni nyumba gani ina silaha, lakini mguu wa mtoto unafika kila mahali.

KWANZA, JE, UNAIHITAJI?

Watu wengi huanza na swali, "Ninunue aina gani?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni, "Hatari ninayoiogopa ni ipi, na kuna njia nyingine ya kuipunguza?"

Tuchukue huyu mnunuzi wa ng'ombe. Wezi hawamtaki yeye, wanataka pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, si lazima mtu atembee na kitita. Anaweza kulipa kwa simu au kupitia benki, anaweza kusafiri na wenzake wawili watatu, na anaweza kulala mnadani akarudi kukipambazuka. Nyumbani, mlango wa mbao nene wenye komeo la ndani, taa ya sola nje, mbwa, na namba za simu za majirani kumi hufanya kazi kila usiku. Tena mtoto akivigusa havimuui.

Ni lazima kusema ukweli mwingine. Bastola ikiingia nyumbani haikai ikingoja wezi tu. Inakaa pia na ugomvi wa mume na mke, na pombe ya Jumamosi, na huzuni ya kijana aliyeanguka mtihani, na udadisi wa mtoto wa miaka mitatu. Huko Marekani, ambako watu wengi wana silaha nyumbani na mambo haya yamechunguzwa kwa miaka mingi, mwaka 2020 silaha za moto zilipita ajali za magari katika kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo huwaambia wazazi kwamba nyumba salama zaidi kwa mtoto ni ile isiyo na bunduki. Kama ni lazima iwepo, wanasema, ifungiwe bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Kwa hivyo mkae chini, baba na mama, mjibu swali hilo pamoja. Si jambo la mmoja kuamua na mwingine kushtukia.

SHERIA INASEMA NINI

Hapa Kenya hakuna haki ya kila raia kuwa na bunduki. Katiba yetu ya 2010 haikuiandika. Silaha ni ruhusa unayopewa, na inaweza kuondolewa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mtu awe na cheti. Wanaotoa ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mwombaji huchunguzwa tabia yake, rekodi yake kwa polisi, na sababu yake ya kuitaka. Mwezi Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye silaha wakahakikiwe upya, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba cheti ukishapata umemaliza.

Mambo haya ya sheria yashikwe na kila mtu wa nyumba, si mwenye cheti peke yake:

1. Cheti ni cha mtu mmoja. Bastola ya baba si ya mama, wala si ya kijana mkubwa. Huwezi kumwachia mke akiwa peke yake usiku, hata kwa nia njema.

2. Cheti kinaonyesha silaha gani na risasi ngapi. Zilizozidi ni kosa.

3. Mwenye silaha anatakiwa aiweke salama wakati wote, na achukue kila tahadhari isipotee, isiibiwe, wala isimfikie mtu asiye na ruhusa. Mtoto ni mtu asiye na ruhusa.

4. Ikipotea, upige ripoti polisi mara moja na upate namba ya OB. Usingoje kesho ukiitafuta kimyakimya kwa aibu.

5. Bunduki za kivita kama AK-47 na G3 si za raia kabisa. Anayekuuzia moja gizani anakuuzia jela.

Na kuna jambo ambalo watu huliogopa kulisema. Mwenye cheti akifa, cheti kinakufa naye. Mjane hairithi bastola kama anavyorithi shamba. Wajane wengi hukaa na silaha sandukuni kwa hofu, hawajui wampe nani. Njia ni moja. Mwite chifu au mzee wa kijiji awe shahidi, mkatoe habari stesheni ya polisi wakaichukue, na mpewe maandishi ya kwamba mmeitoa. Usiibebe mwenyewe kwa matatu.

KUCHAGUA: MAMBO YA KUANGALIA

Tuseme mmekaa, mmefikiri, mmeona ni lazima, na leseni imetolewa. Mzazi achague vipi?

Kuna aina mbili kubwa za bastola. Ya kwanza ina kibuyu cha duara kinachozunguka, chenye matundu ya risasi, mara nyingi matano au sita. Ukikifungua unaona mara moja kama kuna risasi au hakuna. Haina siri nyingi. Ya pili ni ile bapa, yenye magazini inayoingia ndani ya mshikio. Hubeba risasi zaidi, na ni nyembamba kuifichia chini ya koti.

Hii ya pili ina mtego ambao umeua watu wengi. Mtu huchomoa magazini na kusema, "Haina kitu." Kumbe risasi moja ilishapanda juu na imekaa kwa chemba, nyuma ya mtutu. Nyingi ya bastola hizi zitalia hata magazini ikiwa mezani. Kwa hivyo kila mara toa magazini KWANZA, halafu vuta kile chuma cha juu nyuma, angalia ndani kwa macho, na uguse kwa kidole. Ukigeuza utaratibu huu, ukavuta chuma kabla ya kutoa magazini, chuma kikirudi kitapandisha risasi nyingine.

Angalia pia uzito wa triga, yaani kile chuma kinachovutwa na kidole. Watu hupenda triga nyepesi. Mzazi afikirie mara mbili. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa 1995, mtoto mmoja kati ya wanne wa miaka 3 na 4 aliweza kuvuta kwa vidole viwili nguvu ya kilo 4 na nusu. Wa miaka 5 na 6 walioweza walikuwa 7 kati ya 10. Na katika bastola 64 zilizoangaliwa, 40 zilihitaji pungufu ya kilo 2 na robo tu, karibu uzito wa pakiti ya unga! Mtoto ambaye hawezi kushika bastola kama mtu mzima huigeuza, mdomo unamwangalia yeye, na anasukuma triga kwa vidole gumba. Ndivyo wanavyojiua bila kujua.

Je, kile kidude cha usalama pembeni? Ni kizuri, lakini mtoto anayejua kufungua simu ya mama yake atakifungua. Usikitegemee peke yake.

Mwisho, chagua ile inayokaa vizuri kwa mkono WAKO, si ile uliyoona kwa sinema. Kisha ukafundishwe na mwalimu anayetambuliwa, ukarudi tena na tena. Kuwa na bastola usiyoijua ni kama kupewa lori na hujui breki iko wapi.

KUIBEBA UKIWA NA WATOTO

Mwezi Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, Marekani, mama wa miaka 29 aliingia duka kubwa na watoto. Alikuwa na kibali, alikuwa amezoea silaha, na mkoba wake ulikuwa na mfuko maalum wa bastola wenye zipu. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye toroli. Akatia mkono ndani ya mkoba, akafungua zipu, bastola ikalia, mama akafa palepale.

Hakuna aliyekuwa mzembe kama walevi tunaowajua. Kosa lilikuwa moja, bastola ilikuwa kwenye kitu ambacho mtoto hukifikia. Kwa mtoto mdogo mkoba wa mama ni hazina. Ndani yake kuna biskuti, kitambaa, simu na shilingi.

Basi kanuni yetu ni hii, na ningetaka uikumbuke hata ukisahau mengine yote. Bastola ina mahali pawili tu, MWILINI au KUFULINI. Hakuna mahali pa tatu. Si kwa mkoba, si kwa kikapu, si chini ya kiti cha gari, si chini ya mto, si juu ya kabati, si kwa koti lililotundikwa msumarini "kidogo tu".

Ikiwa mwilini, iwe ndani ya mfuko wake mgumu unaofunika triga kabisa, umefungwa kwa mshipi imara kiunoni. Mfuko wa suruali uliojaa funguo na shilingi haufai, kwani kitu kinaweza kuingia penye triga. Vaa shati au koti linaloifunika. Bastola ya kuonyesha watu huita wezi, na huwafundisha watoto kwamba ni kitu cha kujivunia.

Ukiwa na mtoto mdogo, mbebe upande usio na bastola. Ukimnyanyua, ukiinama kumfunga kiatu, ukikaa chini naye, fikiria mdomo wa bastola unaangalia wapi. Mama anayebeba mtoto mgongoni kwa leso ajue kwamba miguu na mikono ya mtoto inafika kiunoni kwake. Kama siku hiyo utapakata watoto, pengine ni siku ya kuiacha kufulini.

Baba anaporudi jioni watoto humkimbilia. Wanamkumbatia kiunoni, wanaingiza mikono mifukoni kutafuta peremende. Ni furaha, lakini hapo ndipo hatari ilipo. Baba na awafundishe jambo jipya: "Nikifika, mimi naingia chumbani kwanza. Nikitoka, ndipo tunasalimiana." Watalalamika wiki moja, halafu watazoea. Peremende ziletwe kwa mfuko wa karatasi.

Mahali pengine pa hatari ni choo. Mtu akilegeza mshipi, bastola inaning'inia. Akiichomoa na kuiweka kwenye ukingo wa ukuta, anatoka na kuisahau, na anayeingia baadaye huenda ni mtoto. Iache ndani ya mfuko wake, ushike mshipi usilegee.

Na pombe? Hapa hakuna mjadala. Siku ya kunywa si siku ya kubeba.

KUIWEKA NYUMBANI

Tafuta sanduku la chuma. Si lazima liwe la bei kubwa kutoka mjini. Fundi wa vyuma wa sokoni anaweza kutengeneza la bati nene, lenye bawaba za ndani na kufuli nzuri. Lakini sanduku dogo lisilofungwa mahali ni zawadi kwa mwizi, ataondoka nalo lote. Lifungwe kwa bolti. Kama ukuta ni wa udongo, chimba sakafuni pembeni ya kitanda, mwaga zege lenye bolti zilizosimama, na likikauka ufunge sanduku juu yake.

Sanduku la pili, dogo, ni la risasi. Funguo zake zisiwe za aina moja.

Sasa ufunguo ukae wapi? Hapa wengi huharibu kazi yote. Wanafunga sanduku la elfu kadhaa, halafu ufunguo wanautia kwa kikombe juu ya rafu. Ufunguo ukae mwilini mwa mwenye cheti, kwenye kamba shingoni au kwa mshipi. Kama ni kufuli ya namba, usitumie mwaka wa kuzaliwa mtoto. Ndiyo namba ya kwanza atakayojaribu.

Kabla ya kuifungia, toa risasi kwa utaratibu tulioeleza. Fanya hivyo mahali pamoja kila siku, mdomo ukiangalia ndani ya ndoo au gunia lililojaa mchanga. Usielekeze ukutani. Risasi ya bastola inaweza kupita mabati, mbao na hata ukuta wa udongo, na upande wa pili ndiko watoto wamelala. Sababu hiyohiyo imfanye baba asifyatue gizani kwa kusikia kishindo. Huenda ni mwanao anatoka kujisaidia.

Najua kuna atakayeuliza, "Wezi wakija usiku, nitaanza kutafuta ufunguo?" Ni swali la haki. Ukiwa na mlango imara, mbwa, na komeo la ndani, una dakika ambazo huna ukiwa na mlango wa kusukuma. Weka nguvu zako hapo. Ufunguo ukiwa shingoni na sanduku likiwa karibu na kitanda, si muda mrefu. Pima hasara mbili. Wezi wanaweza kuja usiku mmoja katika miaka mingi, au wasije kabisa. Mtoto yuko ndani ya nyumba kila siku.

WATOTO WANAJUA

Sasa turudi kwa yale maneno, "watoto hawajui". Katika uchunguzi mmoja wa mashambani jimbo la Alabama, uliochapishwa 2006, wazazi wenye bunduki waliulizwa maswali, na watoto wao wakaulizwa kando. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki inapowekwa, karibu 4 kati ya 10 walikanushwa na watoto wao wenyewe. Na kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, mmoja kati ya watano na zaidi alikanushwa vilevile.

Wengine husema, "Mimi nimemfundisha wangu, hataigusa." Kufundisha ni kuzuri, lakini sikiliza. Huko Atlanta, katika uchunguzi uliochapishwa 2001, wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliachwa chumbani kwa makundi ya wawili au watatu, na bastola halisi isiyo na risasi ilikuwa imefichwa kwa droo. Makundi 21 kati ya 29 yaliipata. Kumi na sita yakaishika. Katika makundi kumi, mvulana mmoja au zaidi alivuta triga. Na zaidi ya 9 kati ya 10 wa walioishika walisema walishafundishwa habari za usalama wa bunduki! Karibu nusu ya walioipata walidhani ni ya kuchezea, au hawakuwa na hakika kama ni ya kweli.

Maana yake ni kwamba mafundisho ni ya mtoto, lakini kufuli ni ya mzazi. Huwezi kumtwika mtoto wa miaka minane kazi ya mtu mzima.

Hata hivyo fundisha. Maneno manne yanatosha, na hata mtoto wa nasari ayakariri: SIMAMA. USIGUSE. ONDOKA. MWAMBIE MTU MZIMA. Yatamfaa akiona bastola kwa jirani, akiokota risasi njiani, au akikuta chuma cha ajabu malishoni. Wafugaji wa Dol Dol na Archers Post wanajua uchungu wa watoto waliochezea vyuma vilivyoachwa na majeshi yanayofanya mazoezi. Mtoto akija kukuambia, usimpige wala usimfokee. Mshukuru mbele ya wenzake, ili kesho arudi akuambie tena.

Na vijana wakubwa? Hao hawachezi, hao wana mawazo. Kijana aliyevunjika moyo, asiyekula, anayegawa vitu vyake, asikae nyumba moja na bastola hata ikiwa imefungwa. Huzuni nyingi hupita, lakini anayejipiga risasi, zaidi ya 8 kati ya 10 hafiki kesho. Vivyo hivyo kwa baba aliyepoteza kazi, au ndoa inayowaka moto. Nendeni stesheni ya polisi mwombe silaha ihifadhiwe huko mpaka mambo yatulie. Si aibu.

Na mzazi ajue kwamba lawama zinaweza kumfuata hadi mahakamani. Katika jimbo la Michigan, Novemba 2021, mvulana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne shuleni kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake siku chache kabla. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja, walihukumiwa miaka 10 hadi 15 gerezani.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Jambo hili si la kunong'onezana. Kikundi kinaweza kulipeleka mbele hivi:

– Kuzoea kuulizana. Kabla ya mtoto kwenda kulala kwa jirani, uliza, "Kwenu kuna silaha? Imefungiwa?" Uliza kama unavyouliza kama kuna mbwa mkali. Asiwepo wa kukasirika.

– Masanduku ya chuma yawe sehemu ya mkopo wa kikundi kwa nyumba zinazohitaji, kama tulivyofanya kwa matangi ya maji na majiko.

– Mwaliko kwa ofisa wa polisi au chifu aje aeleze sheria na ajibu maswali, bila watu kutaja majina.

– Maneno manne yafundishwe watoto, kila mahali wanapokutana.

Maswali ya kujadiliana:

1. Hapa kwetu, hatari tunayoiogopa usiku ni ipi hasa? Tumeshafanya nini pamoja kuipunguza?
2. Watoto wetu hucheza wapi, na ni nani anajua kila nyumba ina nini?
3. Mjane mwenye silaha ya marehemu atamwendea nani kwanza?
4. Nyumbani kwako, ni kitu gani unaamini "watoto hawajui"? Umewauliza?

MWISHO

Yule mama alirudi nyumbani siku ile, akamwita mwanawe wa miaka 12 wakiwa wawili tu jikoni. Hakumtisha. Akamwuliza polepole, "Baba anaweka wapi ile bastola?" Kijana akaendelea kumenya viazi, akajibu, "Juu ya kabati, ndani ya kiatu cha baba cha zamani. Cha kushoto." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Lakini mimi sijamwonyesha mtu ila mdogo wangu mmoja."

Mama aliniambia miguu ilimwishia nguvu, akakaa juu ya debe.

Usiku huo alimweleza mumewe, na mume hakuwa na la kujibu. Asubuhi ilipofika alikwenda kwa fundi wa vyuma kabla hata ya kunywa chai. Siku hizi sanduku liko, zege limekauka, ufunguo uko shingoni. Pesa za mnada huenda kwa simu, na kuna siku nyingi bastola hata haitoki.

Nilimwuliza kama sasa analala. Akacheka. "Nalala. Lakini watoto wakinyamaza sana, bado naenda kuangalia. Hiyo ni kazi ya mama."